Nafasi ya Msichana Mmoja

Dereva wa lori akikwama na taa au stata mjini Tunduma kabla ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, wenzake humwelekeza gereji ya Osward, akamuulize Mama Brenda. Jina lake hasa ni Tukuswiga, mzaliwa wa Isongole. Madereva wa Zambia humwamkia kwa Kibemba, "Mulishani, mama," naye hujibu huku kichwa kiko ndani ya boneti.

Ufundi huo wa umeme wa magari aliupata kwa mlango wa nyuma. Alishika mimba akiwa kidato cha pili, na baba yake akasema habari ya shule imekwisha. Akakaa nyumbani, akajifungua Brenda, akalima. Kisha akasikia kuwa kuna chuo cha maendeleo ya wananchi huko Mbozi kinachowapokea wasichana wa namna yake: asubuhi wanajifunza fani, mchana wanasoma masomo ya sekondari. Akamwacha mtoto kwa mama yake, akaenda.

Chuoni alikuwapo Mwalimu Teresia, aliyefundisha hisabati na kushughulikia mambo ya wanaomaliza. Alikuwa na msemo wake: "Cheti si kituo, ni njiapanda. Unaweza kwenda kazini, unaweza kwenda mbele. Usisimame tu katikati." Tukuswiga alipofaulu mtihani wa kidato cha nne, mwalimu alimfuata karakanani akicheka kama mtoto. Kanisa lilikuwa likimdhamini msichana mmoja kila mwaka kusoma stashahada katika chuo cha ufundi mjini Mbeya, na mwalimu alikuwa amempendekeza yeye.

"Jumatatu tukutane Vwawa, nikupeleke kwa mchungaji," alisema. "Usiniangushe, mwanangu."

"Siwezi kukuangusha, mwalimu."

Na alimaanisha. Lakini wiki hiyohiyo Osward, aliyekuwa amemwona akifanya mazoezi ya kazi kwenye gereji yake, alimpigia simu. Fundi wake wa umeme ameondoka. Kazi ipo, na chumba cha kuishi kipo uani. Tukuswiga akamfikiria Brenda, aliyekuwa ameanza kumwita bibi yake "mama". Kwenda Mbeya kulikuwa ni kumwacha tena miaka mitatu. Jumatatu ilipofika, alipanda gari la kwenda Tunduma, akapita Vwawa akiwa ameinamisha uso. Mwalimu alipiga simu, hakupokea. Akapiga tena kesho yake, na keshokutwa. Mwishowe Tukuswiga akabadilisha laini. Alijiambia atakwenda kumweleza uso kwa uso, mambo yakitulia.

Mambo hayakutulia, bali yalizoeleka. Brenda alikuja kuishi naye, akakua, sasa yuko sekondari. Mwaka jana kampuni moja ya malori ikafungua karakana yake mjini, ikatafuta msimamizi wa umeme wa magari. Tukuswiga akaomba. Walimsifu sana kwa kazi yake, kisha wakampa nafasi kijana mwenye stashahada. Hakuwa kijana mbaya, na kazi aliijua. Hilo ndilo lililomuuma: hakuwa na wa kumlaumu.

Ndipo akamtafuta mwalimu. Alimkuta kijijini Ruanda, hukohuko Mbozi, amestaafu, anaanika kahawa uani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Mama yule aliinua macho kutoka kwenye kahawa. "Tukuswiga. Umekonda."

Hakumgombeza. Alimpikia chai, akamsikiliza, akamweleza kuwa njia bado ipo: mafundi waliojifunzia kazini hupimwa ujuzi wao na kupewa cheti, na yeye mwenye kidato cha nne anaweza kuunganisha hapo mpaka stashahada. Itachukua muda tu.

Tukuswiga akaona afadhali aombe msamaha palepale. "Mwalimu, siku ile ya Vwawa..."

"Nilikusubiri mpaka jua likachwa," mwalimu alisema bila hasira. "Nikamwambia mchungaji, huyu amepatwa na jambo, atakuja. Nikakushikia nafasi mpaka udahili ukafungwa. Aliyekufuata kwa alama alikuwa Diana, yule wa bwenini kwenu. Ungesema neno moja tu, 'siendi', ningempeleka yeye."

"Diana yuko wapi?"

"Aliolewa Chitete."

Tukuswiga hakumaliza chai yake.

Jumapili moja akaenda Chitete, barabara mbaya, vumbi mpaka kooni. Alimkuta Diana akipepeta mpunga mbele ya nyumba, amenenepa kidogo, kicheko ni kilekile cha bwenini. Walikumbatiana. Diana akatandika mkeka, wakakumbushana uji wa chuo uliokuwa na mawe. Kisha Tukuswiga akamwambia yote.

Diana akaacha kupepeta. "Mimi nilijua sikuchaguliwa," alisema polepole. "Nilijiambia sina kichwa. Mume wangu akitaka kunitania husema hivyo hivyo, nami hucheka naye."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimekusamehe." Aliutazama ungo. "Ila ungeniacha tu nisijue, Tuku. Nilikuwa nimeshazoea."

Njiani kurudi, Tukuswiga alilia huku amejifunika kitenge, abiria wakadhani ametoka msibani.

Baada ya hapo alipimwa ujuzi, akapata cheti, na sasa anasoma ngazi inayofuata, darasa moja na vijana wanaomwita mama. Osward humruhusu siku za masomo, akinung'unika. Alimpigia Diana kumwambia kuwa chuo anachosoma kinapokea hata wenye watoto, na kwamba yuko tayari kumkaribisha kwake.

"Wewe soma, dada," Diana alimjibu kwa upole. "Mimi nina mpunga shambani."

Tangu siku hiyo Tukuswiga hajampigia tena. Hajui amwambie nini.