Mkono wa Fundi Lipu

Mdogo wangu alikuwa fundi lipu, na haya siyasemi kwa sababu tumetoka tumbo moja. Ukuta aliopiga lipu yeye, ukipitisha kiganja unadhani unapapasa shavu la mtoto mchanga. Alipiga shule, alipiga zahanati, alipiga ukuta wa nyuma ya altare kanisani, alipiga hata gereza. Nilimcheka siku moja kwa jinsi alivyohangaikia ule ukuta wa gereza. Akaniambia, "Dada, kwani wafungwa hawana macho?" Jina lake la ubatizo watu walishalisahau. Walimwita Fundi Lipu, na mkewe akaitwa Mama Lipu mpaka Mungu alipomchukua.

Mkewe alipokufa, mtoto wa mwisho alikuwa bado ananyonya kidole. Nikahamia pale mimi, mjane nisiye na mtoto, nikashika jiko. Nilisema nahamia kwa muda tu. Muda wenyewe haujaisha mpaka leo.

Nilikuta ana jambo lake. Asubuhi, kabla hajachukua mwiko na ubao wake, alisimama mlangoni, na hakuna mtoto aliyevuka kizingiti bila kupita kwake. Alimwekea mkono wa kulia kichwani, akanyamaza kidogo, kisha kwa kidole gumba akamchora msalaba kwenye paji la uso. "Mungu akutangulie." Basi, nenda. Kidole chenyewe kilikuwa na saruji iliyogoma kutoka hata kwa sabuni ya mche, kwa hiyo watoto walifika shule na michirizi ya kijivu usoni. Wenzao wakawaita Kuta. "Haya, Kuta hizo zinakuja!" Walirudi wanalia. Baba yao akawaambia, "Afadhali uitwe ukuta kuliko uitwe ufa," akaenda kuoga.

Mimi mambo hayo sikuyapenda. Nikamwambia, "Wewe umepewa daraja la upadri lini? Kubariki ni kazi ya padri."

"Padri anabariki kama padri, Dada. Mimi nabariki kama baba yao. Siku ya ndoa yetu tuliambiwa hivyo, wewe ulikuwa unaangalia viatu vya watu."

Ni kweli niliangalia viatu. Lakini pia nilikuwa na maoni yangu. Baraka nilizijua kama chanjo: unachomwa, unakwenda zako, ugonjwa unakupita. Hakuna padri aliyepangiwa parokia yetu nikamwacha apumzike. Nilimpelekea vya kubariki: rozari, mishumaa, kufuli, cherehani, sufuria mpya. Mmoja, mzee, aliniona nakuja na kikapu akasema, "Mama, leo umebakiza nini nyumbani?" Nikamjibu, "Nimebakiza nyumba, Padri. Ni nzito, itabidi uifuate mwenyewe." Akacheka, akaja kweli, akainyunyizia maji ya baraka mpaka jikoni.

Kiharusi kilimkuta mdogo wangu kazini. Waliokuwa naye wanasema alishuka mwenyewe kutoka jukwaa la mbao, akakaa chini, akasema, "Huu mwiko leo una nini, mbona mzito?" Hakuushika tena. Upande wa kulia wote ulilala. Mdomo ulirudi polepole, ukabaki umepinda kidogo. Mguu ulirudi nusu, wa kumfikisha kitini. Mkono ulikataa kabisa. Ulikaa pajani kwake kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa amshikie, na yeye hakuutazama.

Tangu siku hiyo hakumbariki mtu. Watoto wakubwa walikuwa wameshatoka nyumbani, kila mmoja na baraka yake. Alibaki Kitinda, yule wa kunyonya kidole, sasa msichana mzima anayeshona sare za shule kwenye karakana ya mjini. Asubuhi Kitinda alipoamka kwenda kazini, baba yake aligeuka kitandani akatazama ukuta.

Kisha Kitinda akapata mchumba, kijana wa umeme, mpole, anayekula bila kuchagua. Matangazo ya ndoa yakasomwa kanisani. Wiki ya harusi, Kitinda akakaa miguuni pa baba yake.

"Baba, Jumamosi utanibariki kabla sijatoka?"

"Padri atawabariki kanisani."

"Padri atatubariki wawili. Mimi naomba yangu ya hapa nyumbani, kama ya kaka na dada."

"Kwa mkono upi?" akauliza.

Nikamfuata baadaye. Mimi ndiye mkubwa, nikaona nitamaliza jambo hilo kabla uji haujapoa. "Tumia wa kushoto," nikamwambia.

"Dada, mkono ninaotawazia chooni ndio nimwekee mwanangu kichwani siku ya harusi?"

"Si unanawa kwa sabuni?"

"Hata nikinawa kwa maji ya baraka."

"Basi wa kulia."

Akautazama ule mkono, mara ya kwanza namwona anautazama. "Huu umekufa. Umetangulia tu, unanisubiri. Nimwekee bibi harusi maiti kichwani?"

Uji ulikuwa umeshapoa. Nikauchukua, nikatoka.

Nilimkuta Kitinda uani anafua, anasugua shati moja lililokwisha takata zamani. "Shangazi, wenzangu wote wametoka kwa mkono wake," akasema. "Mimi peke yangu ndio nitoke kama mtu aliyefukuzwa?"

Basi nikapata akili, na akili yangu mimi ikishaingia haina breki. Kesho yake, mdogo wangu alipolala baada ya chakula cha mchana, nikamvuta Kitinda chumbani. Nikamnong'oneza, "Piga magoti hapo. Inamisha kichwa. Usicheke." Nikaushika mkono wa ndugu yangu nimpelekee. Sikujua kama mkono wa mtu una uzito ule. Mfuko wa mchanga uliolowa ni nafuu. Nilikuwa nimeufikisha nusu ya safari, nahema, sauti ikatoka kwenye mto wa kulalia:

"Mnaiba nini?"

Macho yake yote mawili yalikuwa wazi.

"Tunakulaza vizuri tu," nikasema.

"Mkono wangu unatembea kwenye vichwa vya watu, mimi nimelala, ndio kunilaza vizuri?"

Kitinda alicheka huku machozi yanamtoka. Hata mzee mdomo ulimcheza. Kisha akasema polepole, maana maneno marefu yalimchosha: "Dada, baraka haiibiwi. Mkono usio na mtu ndani yake ni kofia tu. Kama anataka kofia, kanunue sokoni."

Nikaurudisha mkono mahali pake. Nikavaa viatu, nikaenda parokiani. Padri wetu wa sasa ni kijana, ndevu zenyewe bado zinaulizana kama zitoke. Nilimkuta anabandika kiraka kwenye mpira wa baiskeli.

"Padri, njoo umwamuru ndugu yangu ambariki mwanawe."

"Baraka haiamriwi, Mama."

"Basi njoo bila kuamuru. Ila njoo."

Akaja jioni ile, mikono bado inanuka gundi. Akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Mdogo wangu akamweleza yote, la kushoto na la kulia, mimi nikisaidia pale mdomo ulipomwia mgumu, naye akinikataza kuongeza chumvi.

Padri alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaunyosha mkono wake wa kulia, akaufungua kiganja juu. "Mzee, nikiwabariki watu Jumapili, unadhani humu huwa nimeshika nini?"

"Baraka."

"Hakuna kitu. Ni mtupu. Ningekuwa nazo humu ningejipa mwenyewe kwanza, maana nazihitaji sana. Anayebariki ni Mungu. Anamtazama mtu wake anasema, huyu ni mwema machoni pangu, niko naye. Sisi tunainua mkono mtupu kuomba aseme. Mzazi anaomba hivyo kwa mwanawe, na Mungu anamsikia mzazi."

Mdogo wangu alifikiri. "Maneno mazuri, Padri. Ila ukiwa na mkono mzima ni rahisi kusema."

Nilitaka kuzama ardhini. Mtu anamjibu padri hivyo? Lakini Padri hakukasirika. Aliangalia chini. Kisha akatoka kwenye kigoda akapiga magoti pale pale kwenye saruji, kichwa karibu na paja la mdogo wangu. "Baba yangu alifariki nikiwa bado seminari," akasema. "Sikupata baraka yake. Naomba unibariki wewe."

Jamani. Nimeona mapadri wakipiga magoti mbele ya Ekaristi, nimeona wakilala kifudifudi siku ya daraja. Sijawahi kuona padri amepiga magoti mbele ya mtu wa familia yangu, mtu niliyemfuta makamasi.

"Inuka, Padri," mdogo wangu akasema. "Inuka, usinitie aibu. Suruali itachafuka."

Padri alikaa vile vile kidogo. Mkono haukuja. Akainuka, akajipangusa magoti. "Sawa, Mzee. Nimeomba."

Nilimsindikiza mpaka barabarani nimenuna. "Umeshindwa, Padri."

"Mwenye kuomba hajashindwa, Mama," akasema, akapanda baiskeli.

Jumamosi ikafika. Nilimvalisha mdogo wangu shati jeupe, nikamfunga vifungo, nikamweka kwenye kiti chumbani kwake akitazama mlango, maana hakuwa na nguvu za kwenda kanisani. Nje gari lilikuwa limejaa maua, dereva anapiga honi kama analipwa kwa kila honi. Kitinda akaingia na gauni lake alilolishona mwenyewe. Nguo nyeupe ile ilijaza chumba chote.

"Baba, naondoka."

"Nenda, mwanangu. Umependeza."

Hakuomba kitu. Akageuka, akaenda mpaka mlangoni, akasimama. Hakuvuka. Alisimama tu kwenye kizingiti, ameinamisha kichwa, mgongo kwetu.

Baba yake akamwona. "Unasubiri nini?"

"Sisubiri kitu, Baba. Huwa nasimama tu hapa kabla sijatoka."

"Huwa?"

"Kila asubuhi. Wewe unakuwa umegeukia ukuta."

Mdogo wangu akanitazama mimi. "Dada, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza." Hata siku ile sikuweza kujizuia.

Macho yalimjaa, hakuyapangusa. "Padri alisema mkono wa kubariki ni mtupu," akasema. "Hata wake. Basi kama ni utupu unaotakiwa, huu wangu ni mtupu kuliko yote. Rudi hapa."

Kitinda akarudi, akapiga magoti na gauni lake lote. Mdogo wangu akaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, pale kwenye kifundo. Nikasogea kumsaidia. "Acha, Dada." Nikaacha. Akaunyanyua. Jasho likamtoka kipajini, ule mkono ukapanda taratibu, ukayumba, ukatua kichwani kwa mtoto.

Kukawa kimya. Mimi nimebarikiwa na maaskofu, nimesimama kwenye misa za watu wasiohesabika, lakini kimya cha namna ile sikuwahi kukisikia. Nilihisi chumba kina mtu mwingine, nikaogopa kugeuka. Magoti yangu yalikuwa hayajakunjika kwa miaka, lakini niliyakuta yako sakafuni.

"Mungu akutangulie," akasema. Mdomo ule uliopinda ukayatoa maneno yote mazima.

Msalaba wa kidole gumba haukuwezekana, hakuuchora. Mkono wa kushoto ukaanguka pajani, umechoka. Ule wa kulia ukabaki pale juu, mzito, na hakuna aliyejua jinsi ya kumaliza.

"Baba, umemaliza?" Kitinda akanong'ona.

"Mimi nimemaliza. Mkono ndio haujui."

"Basi uache ukae."

Ukakaa. Honi ilipiga tena. Msimamizi wa harusi akaja mbio kutuharakisha, akafika mlangoni mdomo wazi, akaufunga, akapiga magoti. Nyuma yake wakaja wengine, wakapiga magoti vile vile, kwenye ukumbi mpaka uani. Mwisho dereva mwenyewe akaja kuona wamekwenda wapi watu wake, na honi ikanyamaza. Tulichelewa Misa. Padri alipoambiwa kwa nini, hakuuliza la pili.

Baada ya hapo mdogo wangu aliishi muda wa kutosha kuwaona wajukuu kutoka kwa Kitinda. Majirani walimletea watoto wao kabla ya mtihani, kabla ya safari, na yeye akaunyanyua mkono wake kwa mkono wake, kila mara kwa taabu ile ile, wala hakukubali kusaidiwa. Padri alirudi kuchukua yake. Alipiga magoti muda mrefu, nikawaacha.

Mtaani wanasema siku ile ya harusi kidole gumba kilitikisika. Wanasema mpaka leo, na wanaposema wananitazama mimi niongeze. Nilikuwa pale, karibu kuliko wote. Hakikutikisika. Ulikuwa mkono ule ule uliokufa, na Mungu alipita humo mbele ya macho yangu. Anayetaka kidole, abaki na kidole chake.