Kipande cha Mukau

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipopanda vilima vya Mbooni kutoka Emali nikiwa na zawadi ya ndugu yangu mfukoni, imefungwa kwa gazeti. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Njia ile ni ya kukata pumzi, lakini asubuhi hiyo niliipanda kama mtu anayeshuka.

Ndugu yangu mkubwa aliitwa Kyalo. Alikuwa na gita la umeme, kuukuu, ambalo watu wawili walikuwa wamelipiga na kulichoka kabla halijamfikia yeye. Siku za harusi alilipiga kwa amplifaya iliyotumia betri ya gari. Jumapili baada ya kanisa alilipiga bila amplifaya, polepole, mlangoni mwa jikoni, ili mama asikie akiwa anapika. Sisi tulimwita mama Mwaitu, kama Wakamba wote.

"Anza na ya Mungu," Mwaitu alimwambia kila Jumapili. "Hizo za mapenzi, za akina Mwende, utawapigia huko sokoni."

Kyalo alianza na ya Mungu. Lakini alipofika kwa akina Mwende, mguu wa Mwaitu ndio uliotangulia kucheza.

Mkono wa kulia wa Kyalo ulikuwa umeharibiwa na mashine ya mkonge alipokuwa kibarua. Vidole viwili vilikatika na kifundo kikabaki bila nguvu. Alipiga nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada, huku kiganja chote amekilaza juu ya daraja la gita, yaani kile kichuma ambapo nyuzi hufungwa. Nilikuwa nimeuona mkono huo ukilala hapo mara elfu. Kuona si tatizo langu, mwanangu. Tatizo langu lilikuwa kudhani kwamba nikishaona, nimeelewa.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na wakati huo hilo lilikuwa jambo la kutembea nalo kifua mbele. Nilifanya kazi kwa fundi wa redio pale Emali. Huko ndiko nilikopata daraja jipya la gita, kwa kubadilishana na redio niliyoitengeneza mwenyewe. Liling'aa kama kijiko cha harusi. Madaraja ya aina hiyo hukaa juu ya springi, na huwa na mkono mdogo wa chuma. Mpigaji akiubonyeza, sauti inatetemeka vizuri. Daraja la Kyalo lilikuwa limeshika kutu, mkono wake wa chuma ulipotea zamani, na nyuzi zilikuwa zinakatika hapo kila wiki. Nikasema moyoni, ndugu yangu anateseka na takataka kwa sababu hajui kuna kitu bora.

Nilipofika nyumbani nilikuta kila mtu ametangulia kwenye harusi ya jirani, ambako Kyalo angepiga alasiri. Gita lilikuwa kitandani kwake. Nilifurahi kumkuta hayupo, nikaamua kumshangaza.

Nililifungua nyuma. Kati ya springi na mbao ya gita palikuwa na kipande cha mti wa mukau, kimebanwa sana, kikizuia daraja lisisogee hata kidogo. Kilikuwa kimechongwa kwa ustadi na kusuguliwa hadi kikateleza kama kokoto ya mtoni. Hilo peke yake lingenitosha kujua kwamba aliyekiweka alikuwa na sababu. Mimi nilicheka. Nilikitoa kwa bisibisi, nikapanua shimo kwa patasi ili daraja jipya liingie, nikafunga nyuzi mpya. Kile kipande nilikitupa motoni, kwa kuwa chai yangu ilikuwa inakawia kuchemka. Mukau ni mti mgumu. Kiliungua polepole mpaka nikamaliza kunywa.

Nililibeba gita hadi harusini. Kyalo alipolipokea mbele ya watu, uso wake uliangaza, akanishika bega. "Mwanaa mwaitu," aliniita, mtoto wa mama yangu. "Umenitoa ushamba."

Kisha akalaza kiganja mahali pake pa siku zote, akapiga.

Daraja lile, likiwa huru juu ya springi, lilizama chini ya uzito wa mkono wake. Nyuzi zote zililegea pamoja. Wimbo ulitoka ukiwa umepinda, ukapanda, ukashuka, kama ng'ombe anayelia akiwa bondeni. Watu waliangua kicheko.

"Kyalo!" mmoja akapaza sauti. "Hiyo gita umeipa pombe ya kaluvu?"

"Imetoka safari," Kyalo akajibu, naye anacheka. "Bado ina kizunguzungu."

Alijaribu kupiga akiwa ameinua kiganja. Kifundo kikaanza kutetemeka. Alivumilia nyimbo mbili, akaweka gita chini na kusema amechoka.

Nzioka, aliyempigia besi miaka yote, alinivuta kando. "Ile mbao ulitoa?"

"Mbao gani?"

"Usinifanye mjinga, wewe msomi. Kyalo alichonga hiyo mbao wiki mbili na huo mkono wake. Bila hiyo hana mahali pa kuegemea."

Mwanangu, hapo nilijua kila kitu. Kilichobaki kilikuwa hatua kumi kutoka nilipokuwa hadi kwa ndugu yangu, na neno moja, nisamehe. Lakini Kyalo alikuwa anawaambia watu, "Gita ni nzuri sana, ni huu mkono umezeeka." Nikaushika uongo huo kama mtu aliyepewa mwavuli. Jumatatu nikarudi Emali.

Kyalo alilivisha gita gunia, akalitundika ukutani. Likakaa hapo miaka miwili.

Siku moja nilikwenda nyumbani, nikakuta Mwaitu ameanza kuugua. Tuliketi watatu uani tukimenya mbaazi. Akauliza, "Kyalo, mbona nyumba yangu imenyamaza? Nilikukosea?"

"Ni mkono, Mwaitu," akasema Kyalo. "Baridi ya huku."

Mimi niliziangalia mbaazi zilizokuwa mapajani mwangu. Mwaitu aliingia ndani, akarudi na chupa ya mafuta ya mbarika, akaanza kumkanda kifundo. Alimkanda kila jioni kuanzia siku hiyo. Mama mgonjwa, mwanangu, anakanda mkono ambao haukuwa umezidi kuumwa hata kidogo, kwa sababu mimi nilishindwa kufungua mdomo.

Tulimzika Mwaitu mvua za Novemba zilipoanza. Alikufa bila kusikia tena ule wimbo wa kwanza wala zile za akina Mwende.

Baada ya mazishi nilikata tawi la mukau, nikachonga. Nilivunja vipande vitatu kabla ya kupata kimoja kilichokaa. Nilimpelekea Kyalo mlangoni mwa jikoni, nikamwambia yote, pamoja na ile chai.

Alikinusa. "Mukau?"

"Mukau. Ulijua ni mimi niliyeharibu. Kwa nini hukuchonga kingine?"

Alikigeuza kiganjani. "Ungekuja ukakiona, ungejua zawadi yako ilinishinda. Siku ile ulikuwa umefurahi sana. Nilikuwa nangoja uniulize."

Tulikibana mahali pake pamoja, yeye akishika, mimi nikigonga. Daraja likatulia. Akalaza kiganja, nyuzi zikakaa sawa. Akaanza na ya Mungu. Alipofika katikati, sote wawili tuliangalia kile kigoda cha Mwaitu kando ya moto, naye hakuacha kupiga mpaka mwisho.

Sasa sikiliza, mwanangu. Ukiona kitu cha mwenzako kimefungwa, kimezibwa, kimeegemezwa kwa namna usiyoielewa, muulize kwanza kwa nini kiko hivyo. Pengine ni udhaifu wake aliouzungushia kazi ya mikono yake, na wewe unataka kuung'oa kwa jina la msaada. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama uliyemkosea anakufunika kwa wema. Mimi nilisema nikiwa nimechelewa kwa mtu mmoja, na huyo mtu mmoja ndiye aliyekuwa akiuliza.

Mungu akupe mikono yenye subira na mdomo usioogopa neno dogo. Na nyumba ya mama yako isinyamaze kwa sababu yako.