Vitanda vya Mbao za Baruti

Mwaka nilioanza kazi ya wodini ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Wa rika langu hawahitaji maelezo zaidi. Mtama ulikaukia shambani, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, ikaisha ghalani, na serikali ikatuletea mahindi ya njano ambayo ugali wake ulinuka gunia. Tuliula. Siku yangu ya kwanza kazini niliula kwa chumvi, nikaenda kusimama mlangoni mwa hospitali miguu mitupu.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya mgodi mdogo wa dhahabu upande wa Geita. Si ule mkubwa mnaousikia; huu wetu umekwisha kuwa kichaka, mbuzi wanachungwa juu yake. Mimi ni mzaliwa wa Ibadakuli, Shinyanga. Nilifika kule juu ya lori la pamba, nikimfuata mume wangu Masalu, aliyepata kazi ya kubeba baruti kutoka ghalani hadi shimoni. Shule nilikaa madarasa mawili, la tatu nikaolewa. Lakini kusoma najua, na haya nimeyaandika kwa mkono wangu ili ninyi mnaofanya kazi za wodini leo, wenye vyeti vya kutundika ukutani, mjue tulivyofanya sisi.

Mkubwa wa hospitali ile alikuwa Sista Mkuu, Mzungu mrefu mwenye saa ya kuning'inia kifuani. Hakuniuliza cheti.

"Umezaa wangapi?"

"Wanne."

"Wangapi wako hai?"

"Wote wanne."

"Ingia."

Nikawa aya. Aya ni mwanamke wa kazi zote za wodi ya wazazi: kuchemsha maji, kufua nepi, kusugua sakafu kwa dawa kali mpaka macho yatoe machozi, na kumshika mama mkono uchungu unapompanda. Chini ya Sista alikuwapo Dresa Mkuu. Dresa ndiye aliyefunga vidonda na kugawa dawa, na akijisikia aliweza kukuambia ugonjwa wako kabla hujakaa. Huyu alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, Mkatoliki safi, ulimi kama wembe.

"Mama Shija," aliniambia siku ile ile, "ninyi Wasukuma kazi yenu ng'ombe. Hapa tunatibu watu."

"Ng'ombe wangu hajanifia hata mmoja, Dresa," nikamjibu. "Wewe wagonjwa wako vipi?"

Tangu hapo tukaelewana.

Sasa nielezeni ninyi: mama aliyezoea kulala juu ya ngozi, shibiri moja kutoka ardhini, ukimpandisha kwenye kitanda cha chuma kinachofika kiunoni, na kichanga chake ubavuni, unategemea nini? Sisi hatukujiuliza. Mwezi wangu wa pili, saa nane mchana, mama mmoja aliyekuwa ametoka kwenye uchungu wa siku mbili alisinzia, akajigeuza. Nilikuwa nimeinama na ndoo. Nilisikia kishindo kidogo tu, kama kibuyu kimeanguka. Yule mtoto alilia mara moja. Hakulia tena.

Nimeona vitu maishani, lakini kishindo kile bado kipo sikioni mwangu.

Sista Mkuu hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi, uso mweupe kama chokaa, kisha akatoa amri: kuanzia wiki ile kila mtoto awe na kitanda chake, kando ya kitanda cha mama, mama anyooshe mkono tu amfikie. Seremala wa mgodi avitengeneze. "Na wewe," akaninyooshea kidole, "wewe utachagua. Kibaya usipokee."

Basi nilivimba kichwa! Madarasa mawili, na nimeambiwa nichague. Nilikwenda karakana kila asubuhi kumsumbua yule fundi. Kitanda lazima kilingane kimo na kitanda cha mama, mama asiiname na tumbo lake bichi. Nilikisukuma kwa nyonga, kikiyumba, kinarudi. Nilipitisha kiganja kila ubao kutafuta vibanzi. Fito za ubavuni nilizipima kwa ngumi yangu, maana ngumi ikipita, kiwiliwili cha mtoto kitapita pia, na kichwa kitabaki ndani. Sehemu ya kulala iwe bapa na ngumu, isibonyee katikati. Vitanda vinane nilivikataa mara kumi na mbili, maana vingine nilivikataa mara mbili.

"Mayu, mama," fundi alilalamika, "huyu ni mtoto analala au ni mfalme anatawazwa?"

"Wewe randa mbao."

Na mbao zilikuwa nzuri, sitasema uongo. Nyeupe, laini, zimeungana pembeni kama vidole vilivyofumbatana. Baadhi zilikuwa na madoa ya mafuta, na hapo ndipo niliposhindwa. Nilidhani ni samli. Kwetu mtoto akizaliwa anapakwa samli mwili mzima, ang'ae, na kila kitu kinachomgusa kinapata doa la mafuta. Niliona doa la mafuta kwenye kitanda cha mtoto nikaona kitu cha nyumbani. Nikasugua kwa kitambaa, nikasifu ubao. Mimi! Niliyepima fito kwa ngumi, sikuuliza yale mafuta yametoka wapi.

Wiki ya kwanza tulijipongeza. Wiki ya pili joto likapanda, wodi ikawa kama tanuri, na mambo yakaanza. Akina mama wakashika vichwa. Watoto wakatapika maziwa, wakalegea kama nguo iliyoloa. Dresa akasema homa, akagawa kwinini kwa akina mama. Sista akasema tufungue madirisha. Mimi sikuumwa chochote, nikaona ni ulegevu wa wanawake wa siku hizi.

Kitanda cha nne alikuwa Nyamizi, mwanamke mdogo wa maneno machache. Alikuwa amezika watoto watatu, wote kabla ya arobaini, na huyu wa nne, msichana, hakuthubutu hata kumpa jina. Aliuweka mkono wake ndani ya kile kitanda mchana kutwa, akihesabu pumzi. Jumatatu moja asubuhi aliniita.

"Mama Shija, kichwa kinanipiga nyundo nyuma ya macho. Na huyu tazama midomo."

Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya zambarau mbivu. Nikamtoa kwenye kitanda, nikampa mama ampakate, nikamwambia atulie. Nilimwambia kwa ukali, kwa sababu niliogopa.

Saa sita nikaenda nyumbani kupika. Nikamkuta Masalu amekaa chini, kichwa katikati ya magoti, ametapika mlangoni.

"Baba Shija, una nini?" nikamuuliza, huku nikisonga ugali.

"Kichwa. Kinanipiga nyundo nyuma ya macho."

Nikasimama na mwiko mkononi. Maneno yale yale!

"Ni Jumatatu tu," akasema. "Shija aliifua kofia yangu juzi."

Inabidi niwaeleze jambo la kofia. Baruti ya vijiti ina mafuta, na kwenye joto inatoka jasho kama mtu. Jasho hilo likikugusa, au ukilivuta puani, kichwa kinapasuka na tumbo linageuka. Lakini ukilishika kila siku damu inazoea. Taabu ni Jumapili: ukipumzika siku moja mwili unasahau, na Jumatatu unaanza upya. Kwa hiyo wabeba baruti walikuwa na dawa yao: karatasi iliyofungia kijiti wanaificha ndani ya kofia, wanaivaa Jumapili nzima hadi kanisani, damu isisahau. Binti yangu Shija, kwa usafi wake, alikuwa ameitupa karatasi ya baba yake. Na mimi, niliyefua nguo za mtu huyo kila wiki, damu yangu ilikuwa imezoea pia, pua ikazoea. Ndiyo sababu sikuumwa.

"Sanduku za baruti," nikauliza, na sauti haikuwa yangu, "zikiisha mnazipeleka wapi?"

"Amri ni zichomwe."

"Sikukuuliza amri."

"Mbao ile nzuri, nani atachoma? Tunampa seremala."

Ugali niliuacha jikoni ukaungua. Nilikimbia, mtu mzima na mwili wangu huu, kanga mkononi, watu wananicheka njiani. Nilipofika wodini Sista Mkuu alikuwa amesimama kitanda cha nne, anamgombeza Nyamizi kwa kulala na mtoto kifuani. Aliponiona akamtwaa mtoto akanipa.

"Wewe umesahau yule aliyeanguka? Weka mtoto kitandani kwake."

Nikamkumbatia yule mtoto. Nikasema:

"Mtoto simweki humo. Mkitaka, nifukuzeni."

Aya kumjibu Sista Mkuu hivyo! Hata mimi nilishtuka kusikia yametoka kinywani mwangu.

"Mama Shija," Dresa akaninong'oneza, "umepandwa na nini? Omba radhi."

"Ingiza pua yako humo, Dresa. Inusie ile kona yenye doa."

"Mimi?"

"Wewe unayetibu watu."

Akainama akicheka. Akavuta pumzi mara mbili. Akainuka hacheki, akaegemea ukuta. Sista naye akainama, akakaa humo muda mrefu kuliko Dresa, maana alikuwa na kiburi. Alipoinuka alishika paji la uso akasema neno moja tu: "Baruti."

Akaitwa Bwana Baruti, Mzungu aliyesimamia ulipuaji. Alikuja na mabuti yake ya misumari, akaona doa la kwanza, akayavua. Ndiyo, aliyavua mlangoni, akaingia na soksi. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Watoeni wote. Polepole. Mtu asiburute kitu." Tukawatoa akina mama na watoto uwanjani. Kisha akavibeba vile vitanda mwenyewe, kimoja kimoja, kama anabeba mayai ya kuku anayeatamia.

Mimi sikuamini ni hatari kiasi hicho. Akanisoma usoni. Alichonga kibanzi kidogo penye doa, kama ukucha wa kidole gumba, akakipeleka mbali juu ya jiwe, akatufukuza nyuma, akakigonga kwa nyundo yenye mpini mrefu. Paa! Nyundo ikaruka mkononi mwake. Kunguru wote wakaondoka kwenye mabati.

Nilivisukuma vitanda vile kwa nyonga yangu, kila siku, kujaribu kama vinayumba. Niliviburuta kwenye saruji nikipiga deki. Watoto wanane walilala juu ya kile kitu, nami nimekichagua kwa mkono wangu na kukisifu. Nilikaa chini kwenye vumbi mpaka jua likapinda, na Dresa, yule wa ulimi wa wembe, alikaa nami.

Mtoto wa Nyamizi? Hewa ya uwanjani ilimrudishia rangi taratibu. Kwanza midomo, halafu kucha. Ilipofika jioni alinyonya. Mvua ikaanza siku ile ile, ya kwanza baada ya ukame wote ule, na Nyamizi akamwita Kabula, kama tunavyowaita wasichana wanaokuja na mvua. Sasa alithubutu.

Vitanda vipya nilivisimamia vikitengenezwa kwa mti wa porini, ambao niliona ukikatwa kwa macho yangu, na kamba za ngozi zilizokazwa mpaka zikalia. Masalu aliacha baruti. Sista Mkuu hakuniomba radhi, ila tangu siku ile hakuna kitu kilichoingia wodini, hata ndoo, kabla ya kuniuliza, "Umekinusa?"

Mgodi ulipofungwa nikahamia wodi ya wazazi huko Shinyanga, chini ya Mkunga Mkuu, mwanamke mpole aliyependa vitu laini. Msimu wa pamba alijaza vitanda pamba mbichi, mtoto akalala kama juu ya wingu, pua ikizama humo. Niliitoa yote mchana ule ule. Aliniita mkaidi. Nikamwambia ndiyo.

Siku ya kustaafu ilifika karibu na Uhuru, na Shija wangu alikuwa amejifungua wiki ile ile, mjukuu wangu wa kwanza, dume la ratili nane. Hata mkinichoka nitaitaja hiyo ratili nane. Wakaniandalia chai na maandazi. Bwana Mganga Mkuu akatoa hotuba ndefu, akasema nimelinda watoto wa wilaya nzima, sasa wenzangu wamechangia zawadi ya mjukuu. Wakafunua shuka. Kitanda cha mtoto, cha dukani, kimepakwa rangi nyeupe, maua pembeni, ubavu mmoja unashuka na kupanda kwa kulabu. Watu wakapiga makofi. Shija akasimama na mtoto mikononi, machozi ya furaha, tayari kumlaza apigwe picha.

Nikasema, "Ngoja, ng'wanone, mwanangu."

Nikainama, nikanusa. Salama. Nikabonyeza sehemu ya kulala. Salama. Nikapitisha ngumi kati ya fito, na hii ni ngumi ya mtu mzima aliyefua miaka yote hiyo. Ikapita hadi kwenye kiwiko. Nikakisukuma kwa nyonga. Kulabu ikaachia, ule ubavu ukashuka kwa kishindo, kama panga, pale pale ambapo shingo ya mjukuu wangu ingekuwa.

Makofi yalikwisha. Shija alikuwa ameganda.

"Mama Shija," Bwana Mganga Mkuu akasema, taratibu, uso umemwiva kwa aibu, "fundi atarekebisha. Mlaze tu kidogo, kwa ajili ya picha. Ni zawadi."

Nikamchukua mtoto kutoka kwa mama yake. Kazi ilikuwa imekwisha, hati ya kustaafu iko mfukoni, sikuwa na mahali pa kufukuzwa. Lakini maneno yalikuwa yale yale, hayajanizeekea.

"Mtoto simweki humo. Mkitaka, nifukuzeni."