Ng'ombe Hakuwa Anazaa

Juzi nimejiaibisha makaburini, na mdomo ulioniponza ni huu huu wangu.

Tulikuwa tunamzika jirani yangu, mzee Anaeli. Nyumbani nilimwacha mjukuu wangu Neema na rafiki yake wamwangalie ng'ombe, maana ana mimba, na ndiye pekee aliyeniachia marehemu mume wangu. Mchungaji anavuta, "Tuuuombe," mara nikasikia kutoka zizini kwangu, karibu tu na hapo: "Grooooo! Groooo!" Nikajua anakufa na ndama tumboni. Nikapiga yowe: "Ng'ombe wangu anazaa, anakufa!" Wanaume wanne wakatupa machepe, wakachukua kamba za kushushia jeneza, tukakimbia.

Tukakuta wasichana wamekaa kwenye majani ya ng'ombe, simu ndani ya ndoo inapiga muziki wa Kizungu, mwimbaji ananguruma kama ng'ombe, nao wanabishana ni muziki gani mkali zaidi.

"Deth meto ndiyo inatoka tumboni, Neema!"

"Acha wewe! Blaki meto inalia kama upepo wa mlimani. Sikiliza hawa!"

Neema akaona kamba. "Shikamoo Bibi. Kuna nini?"

Ng'ombe anacheua tu, ananitazama. Nikageuka niondoke. Mlangoni amesimama mjane wa Anaeli, anahema, udongo wa kaburi bado mkononi.

"Mama Elia," akaniuliza, "amezaa salama?"