Generosa na Mipaka Mitatu

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Generosa alichemsha chai, akaonja, akaongeza tangawizi. Mwezi wa sita ulikuwa unakatika na jua la Richfield, huku Marekani, lilishaingia jikoni. Ndege ilipita juu ya paa, vikombe vikatetemeka kabatini kama siku zote. Akavaa viatu vyake vyeupe vya kazini, akamgeukia mumewe, Ambakisye.

"Baba Victoria, iliki imekwisha. Saba Saba hiyo inakuja."

"Nitanunua."

"Usiniletee ya unga. Ya punje."

Akatoka kuwahi basi la Minneapolis, kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha. Ambakisye alimsikia akimsalimia jirani kwa sauti kubwa. Mchana moyo wa Generosa ukasimama akiwa kazini. Simu ilipoita, iliki ilikuwa mfukoni mwa Ambakisye.

Kwenye mazishi watu walisimulia mengi. Ambakisye si mtu wa maneno. Angetakiwa kusema, angesimulia safari ya Ulaya, ile ya wakati wa korona. Hapo ndipo ungemjua Generosa.

Binti yao Victoria anaishi Vienna. Harusi yake ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa sababu ya ugonjwa huo. Mara ya tatu akasema basi, ataolewa, wazazi wawepo wasiwepo. Akalia kwenye simu. Generosa hakulia.

"Tuwekee viti vya mbele," alimwambia.

Haikuwa safari ya kupanda na kushuka. Walitakiwa kushukia Amsterdam, Uholanzi, wapande treni hadi Cologne, Ujerumani, wakamchukue Bernardine, dada yake Generosa, ambaye miguu inamsumbua na hawezi kusafiri peke yake. Kisha ndipo waingie Austria, aliko Victoria. Nchi tatu, kila moja na masharti yake. Hii inataka kipimo cha pua. Hii inataka ujaze habari zako kwenye mtandao kabla hujakanyaga. Hii inataka chanjo, tena iwe imekaa mwilini siku za kutosha. Ukishayashika yote, wiki inayofuata yamebadilika. Wengi walikata tamaa. Mzee Elihuruma wa kanisani alimwambia wazi, "Mama, wale wazungu watakurudisha mlangoni."

"Kwani naenda kwao?" Generosa alijibu. "Naenda kwa mwanangu. Wao wako njiani tu."

Ambakisye hajasoma. Generosa aliishia darasa la saba, na Kiingereza alijifunzia kwa wagonjwa wake. Kila jioni akitoka kazini alivaa miwani, akashika simu. Alipiga ofisi hii na ile, akasubiri, akauliza. Asipoelewa aliuliza tena jambo lilelile, bila haya. Victoria akimjibu kwa haraka alimwambia, "Taratibu, mwanangu. Wewe unajua, mimi ndiye ninayesafiri."

Tena alikuwa na tabia moja iliyochekwa na kila mtu. Kwao hadi uwanja wa ndege ni dakika chache, lakini ndege ikiwa ya alasiri, yeye asubuhi yuko pale, amekaa na chupa yake ya chai. Siku ya safari ya Ulaya nayo walikuwa wa kwanza kwenye kaunta.

Dada wa kaunta akaitazama kadi ya chanjo ya Generosa, akaitikia kwa kichwa. Akachukua ya Ambakisye, akailaza kando ya pasipoti yake. Akatazama huku, akatazama kule.

"Tarehe za kuzaliwa hazifanani," akasema. "Pasipoti ni Januari mosi. Kadi ni tarehe saba Julai. Siwezi kumpandisha hivi, watamzuia huko."

Ambakisye alijua pale pale. Mama yake, kule Kyela, hakuandika tarehe. Alisema tu kwamba alimzaa wakati wa kuvuna mpunga. Walipoomba karatasi za kuja Marekani ofisi ilitaka siku, akapewa Januari mosi, kama walivyopewa wengi wa rika lake. Generosa hakuipenda. Januari mosi watu wamechoka na sikukuu, alisema, nani ataimba? Akamchagulia Saba Saba. Iko kwenye mavuno, na Mtanzania gani anaisahau? Kila mwaka akapika pilau, watoto wakaimba. Basi siku ya chanjo nesi alipouliza amezaliwa lini, Ambakisye alijibu kama anavyojibu nyumbani.

"Nenda wewe," akamwambia mkewe. "Mtoto apate hata mzazi mmoja."

"Nani kakuuliza? Kaa. Kunywa chai."

Akampigia Joan, nesi Mkenya wa kliniki ile walikochanjwa.

"Joan, mwanangu, uko kazini? Mzee wako kazaliwa mara mbili, na sasa wananidai mmoja."

Joan alicheka hadi Ambakisye akasikia. Generosa hakucheka. Akaipiga picha pasipoti, akaituma. Kule kliniki wakarekebisha kwenye kompyuta, wakaandika kadi mpya. Saa ya chakula Joan akaileta mwenyewe kwa gari, akaingia anahema.

"Mzee, kwani uko na birthday mbili kama malkia wa Uingereza?"

"Moja ni ya mama yako huyu," Ambakisye akasema.

"Nime-print na hii record ya kliniki. Wakisumbua na kadi, muwaonyeshe."

"Mungu akubariki, mwanangu," Generosa akasema.

"Baraka ni keki ya harusi, mama. Msirudi bila."

Dada wa kaunta akalinganisha upya, akawapa tiketi zao. Abiria waliokuja saa ya kawaida ndio kwanza walikuwa wanapanga foleni.

Amsterdam walipita. Cologne wakamkuta Bernardine amekaa juu ya sanduku, barakoa imempanda hadi machoni. Karibu na mpaka wa Austria polisi wawili wakaingia kwenye treni. Watu wakaanza kupekua mikoba. Generosa alikuwa ameshazishika karatasi zao, za kila mtu kando, pasipoti juu, kadi katikati, kipimo chini. Polisi akasoma, akageuza, akamkazia macho Ambakisye.

"Umezaliwa lini?"

"Januari mosi," akajibu, wala sauti haikutikisika.

Wakarudishiwa karatasi zao. Keshokutwa yake walikaa viti vya mbele, na Victoria alipowaona alisahau kutembea polepole.

Sasa Saba Saba imefika, nyumba bado ina watu wa msiba. Ambakisye aliwatoa jikoni, akapika pilau mwenyewe, kwa iliki ile ya punje. Iliungua kidogo chini. Alipokuwa anakwangua sufuria akayakumbuka maneno ya mkewe ndani ya ile treni, polisi walipokwisha shuka na Bernardine akauliza kwa mshangao kama shemeji yake hakuzaliwa Saba Saba. Generosa alikuwa anafungua chupa ya chai. Hakuinua hata macho.

"Januari mosi ni ya serikali, waandike wanavyotaka. Saba Saba ni ya kwangu, na mimi ndiye ninayempikia."