Nyayo Kwenye Grini ya Nne

Kwa nyasi sikuwa na mpinzani, na sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu leo. Nililea miche ya kahawa miaka mingi kwenye shamba la umma, upande wa magharibi wa mlima, karibu na msitu. Shamba lilipobinafsishwa, mwekezaji aling'oa sehemu ya mibuni akatengeneza uwanja wa gofu wa mashimo tisa kwa ajili ya watalii. Alitafuta msimamizi wa nyasi, akaletewa wanaume watatu, akanichukua mimi.

Grini ni kile kiwanja kidogo cha nyasi fupi ambapo mpira huingizwa shimoni. Kila shimo lina yake, na ya nne ilikuwa bondeni, na mwezi wa saba baridi ilituama pale hadi umande ukaganda, mweupe kama unga. Nyasi iliyoganda ukiikanyaga inavunjika kwa ndani. Siku hiyo huoni kitu. Baada ya siku mbili nyayo zinajitokeza nyeusi, na zinakaa wiki kadhaa. Kwa hiyo niliweka sheria: hakuna kukanyaga grini mpaka jua liyeyushe umande, uwe kibarua au mgeni na fimbo zako. Mfanyakazi atakayekanyaga atakwenda nyumbani wiki nzima. Wageni walinung'unika, nikawaambia wanywe chai kwanza. Wakanywa.

Jumatano moja, siku tatu kabla ya mashindano, nyayo zikajitokeza. Zilikuwa za gambuti, kutoka pembeni mpaka shimoni na kurudi. Gambuti tulivaa sote za aina moja, lakini aliyetangulia kufika kila asubuhi alikuwa mzee mmoja wa rika la baba yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kuchomeka bendera kwenye mashimo. Alisema hakukanyaga. Nikamwambia nyasi hazisemi uongo, nikamfukuza kwa wiki nzima mbele ya wenzake. Aliondoka kofia mkononi, bila kuinua sauti.

Alhamisi nilikwenda mwenyewe kuziba, yaani kukata kipande kilichokufa na kupandikiza kingine kutoka kitaluni. Nilipiga magoti, na kabla sijakata nikaona unyayo ule ni mdogo mno kwa mzee yule. Niliweka mguu wangu. Uliingia sawasawa.

Ndipo nikaikumbuka Jumatatu. Nilipita alfajiri kuhakikisha hakuna aliyekanyaga, nikaingia mpaka shimoni kuupima umande kwa kidole. Kichwa changu chote kilikuwa kwenye mashindano.

Niseme kweli, nilishika sepeto. Ningekata vipande vile kumi na vinne na habari ingekwisha, maana hakuna mwingine ambaye angejua. Nilikaa pale mpaka magoti yakalowa. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa, kwa sababu mwanamke anayeamrisha wanaume akikosea mara moja tu, huambiwa tulijua tangu mwanzo. Mwishowe niliziacha nyayo zilivyo. Nilichuma isale kwenye uzio, jani ambalo kwetu Wachagga ukimpelekea uliyemkosea hawezi kukunyima msamaha, nikapanda mpaka kwake.

Nilimkuta akikatakata migomba ya ng'ombe. Nilimwamkia shikamoo, nikampa isale kwa mikono miwili, nikaeleza yote. Alilipokea.

"Nimekusamehe, mwanangu. Isale halikataliwi. Lakini ulinifukuza mbele ya watu."

Akarudi kwenye migomba yake.

Ijumaa, jua lilipokwisha kuyeyusha umande, niliwaita wafanyakazi wote grini ya nne, na mzee nilimwomba asimame mbele. Nilitembea juu ya zile nyayo, moja baada ya nyingine mpaka shimoni, kila mtu akiona gambuti yangu inavyoingia sawasawa. Nikasema aliyekanyaga ni mimi, na mzee huyu nilimwonea. Meneja wa uwanja alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba wageni wanafika kesho, na kwamba sheria ile ilikuwa ya vibarua. Nikamjibu kuwa sheria niliiweka mimi, na sikuiweka hivyo.

Nilimkabidhi mzee sepeto, nikaenda nyumbani wiki nzima kama sheria ilivyosema. Jumamosi wageni walicheza bila mimi, na roho iliniuma kutwa nzima.

Wiki ilipokwisha niliwahi kazini, nikakuta viraka vyote vimeshika mizizi. Grini ilikuwa nyeupe tena. Mzee alikuwa amesimama ukingoni, na nilipomkaribia alininyooshea mkono kunizuia.

"Subiri jua, mwanangu."

Nikasimama kando yake, nikasubiri.