Jina la Elimringi Ndani ya Wimbo

“Anko, kwani mtu akitajwa kwenye wimbo anapata nini?”

Caroline alikuwa darasa la tano alipomuuliza hivyo mjomba wake, kibandani kwake Kariakoo. Elimringi hakujibu, alikuwa anachekelea kama bwana harusi. Kazi yake ilikuwa kuwajazia watu nyimbo kwenye memori kadi, na siku hiyo alikuwa anaingiza wimbo wenye jina lake.

Mwimbaji ni Haruna. Zamani hizo, akiwa hajulikani hata mtaani kwao, alimjia Elimringi na flashi mkononi. “Braza, redioni wananizungusha. Nitie kwenye kila kadi, hata ya asiyeniomba.” Elimringi akamtia, bure, kadi zikapanda mabasi mpaka Kigoma. Zahoro, mtangazaji, yeye alianza kupiga nyimbo zake redioni baada ya kupokea bahasha. Haruna alipovuma akawashukuru wote wawili ndani ya wimbo mmoja: “Zahoro mzee wa redio! Elimringi wa Kariakoo, wajazie!”

Mwaka haujaisha, Haruna akarudi na askari wawili. Zahoro naye yupo, maiki mkononi, anatangaza moja kwa moja.

“Afande, huyu ndiye anayekula jasho letu.”

“Haruna mdogo wangu, si uliniletea mwenyewe?”

“Mdogo wako nani? Tumenyonya wote?”

Watu wakacheka. Elimringi akababaika. Ili askari waamini kwamba wanajuana, akaufungulia wimbo ule, spika zote mbili. Jina lake likasikika mpaka ng’ambo ya barabara.

“Elimringi ndiyo wewe?” askari akauliza.

“Ndiyo mimi, afande!”

“Uwajazie nini?”

Hapo umati ukaangua kicheko, hata muuza juisi wa jirani, aliyekuwa akila naye kila mchana. Kompyuta ikabebwa. Elimringi akapandishwa kwenye gari huku Zahoro akiwaambia wasikilizaji kwamba wezi wa muziki siku zao zimekwisha, na sasa tuburudike na Haruna.

Siku hizi Elimringi anatembeza makava ya simu Mnazi Mmoja. Wimbo bado unapigwa, ila jina lake limekatwa, Zahoro anatajwa mara mbili. Juzi Caroline, yuko kidato cha tatu sasa, alimkuta amesimama mbele ya duka la redio, wimbo wenyewe ukiwa hewani.

“Shikamoo anko. Hukunijibu lile swali.”

“Marahaba. Mwenzangu Zahoro alipata gari,” Elimringi akasema. “Mimi miezi sita jela ya Segerea, mama. Na kila nikiusikia bado nasubiri wanitaje.”